Gari la Glen Halijafika

Kijiwe chetu kiko mbele ya duka la mikate la Merle, chini ya kibaraza cha bati, na benchi lenyewe ni refu kuliko mahitaji ya mji mdogo kama Wirrapinna. Anayekaa mwisho, upande wa barabara, ni Kelvin Prowse, tunamwita Dizeli, aliyeendesha malori ya matrela matatu tangu ndevu hazijaota mpaka zikawa nyeupe. Anayefuata ni Noelene, aliyekuwa akiunganisha simu pale posta enzi za waya. Huyo ni Redio, na hazimiki. Kisha Spiro, Mgiriki mchimba vito, ambaye kwa kupenda kuhutubia tulimpa cheo cha Waziri. Mimi wananiita Kimya. Glen Trembath naye alikuwa wa hapa hapa, rafiki wa Kelvin tangu darasa la kwanza, mpaka Septemba alipokuja na gari la umeme na Kelvin akaacha kumsemesha. Siku ninayoisimulia, joto lilikuwa limepita nyuzi arobaini na tano, kahawa tunakunywa kwa ubishi tu, na Glen na mkewe Lorna walitakiwa wawe wamesharudi kutoka hospitali ya Adelaide kabla ya chakula cha mchana.

Merle alitoka nje, mikono ina unga mpaka viwikoni.

— Simu yao bado haipatikani, alisema. Lorna alinipigia alfajiri wakiondoka. Kasema nimwekee mkate wa mbegu. Nimemwekea. Sasa hivi saa tisa.

— Betri, alisema Kelvin.

— Betri imefanya nini?

— Imekata roho. Liko pale katikati ya nyika, limelala kama kondoo aliyekula magugu mabaya. Si nilisema? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Wewe mkuu wa nini, Dizeli? Spiro akamdaka. Mkuu wa moshi?

— Mkuu wa barabara ile. Nimeipita usiku na mchana. Barabara ile haitaki gari la kuchomeka ukutani kama pasi.

— Sikiliza, mzee. Gari lile halina hatari yoyote. Wahenga walisema penye moshi pana moto. Sasa gari la umeme lina moshi? Halina. Basi moto utatokea wapi?

— Kimya kingi kina mshindo mkubwa, Noelene akamkata. Usitafute moshi, Waziri, angalia ule ukimya wake. Linapita mbele ya nyumba yako husikii hata chafya. Kitu kinachonyamaza hivyo kuna kitu kinapanga.

Wote watatu wakanigeukia.

— Mimi sipangi kitu, nilisema.

Tulicheka kidogo, halafu kicheko kikatuishia chenyewe, kwa sababu kila mtu alikuwa akicheka huku jicho liko kusini, kule barabara ya Adelaide inakoyeyuka kwa mvuke wa joto. Hakuna kitu kilichokuwa kinakuja.

— Kwa joto hili betri inachemka kama yai, alisema Kelvin. Kwanza inaganda nje, halafu ndani.

— Bora ingekuwa kuchemka, alisema Noelene. Dada wa shemeji yangu ana jirani yake, gari la namna hiyo hiyo. Siku moja anaendesha huku anaitukana serikali. Likazimika. Likafunga na milango. Watu wa ng'ambo wamelizima kwa kompyuta, wamemsikia.

— Unatupiga kamba, Redio.

— Sikupigi kamba. Alikaa humo mpaka akaomba radhi.

— Upuuzi mtupu, alisema Spiro. Mimi ninachokijua ni sumaku. Pale chini pana sumaku kubwa kama meza. Juzi Glen amenipita pale benki, jino langu la madini likaniuma mpaka machozi.

— Si ulikuwa unalitetea?

— Nalitetea. Lakini jino ni langu.

Merle hakucheka. Alikuwa ameshika simu kifuani.

— Nimempigia afande, alisema. Yuko kwenye moto wa nyasi huko magharibi. Amesema atapitia barabara ile jioni, akipata nafasi.

— Jioni! alisema Noelene. Merle, Lorna amebaki mwepesi kama shati kwenye kamba. Mgonjwa yule, joto hili, ndani ya kopo la bati...

Upepo wa kaskazini ulipita mtaani, ukaubamiza mlango wa posta. Tulikaa tunautazama ule mlango kama vile ndio uliokuwa na habari.

— Ningempeleka mimi, alisema Kelvin. Landcruiser yangu haijawahi kumlaza mtu njiani.

— Ulimwambia Glen hivyo? aliuliza Spiro.

— Anajua.

— Anajua nini, kaka? Hamjasemezana tangu Septemba. Alikuja hapa siku ya kwanza na gari lake, anatabasamu kama mtoto, wewe ukamwita muuza betri za tochi mbele za watu. Akaondoka. Hukumfuata.

— Kaa kimya, Spiro.

— Sikai. Nitakwambia ukweli, maana mchelea mwana kulia hulia yeye. Wewe umekaa hapo unaomba Mungu wawe wamekwama. Ili kesho uje uketi hapo hapo, useme, si nilisema?

Kelvin alisimama. Kikombe chake kilianguka, kahawa ikamwagika chini ya benchi na kukauka tunaitazama. Alimkamata Spiro ukosi wa shati, mkono ule ule uliozoea kufunga minyororo ya malori, akamwinua mpaka visigino vya viatu vikaachana na saruji.

— Rudia, alisema.

— Kelvin! Noelene alipiga kelele. Kelvin, muache!

Sikuwahi kumsikia akimwita kwa jina lake. Mimi nilisimama bila kujua nitafanya nini. Ndipo nikagundua kwamba mlangoni pa duka kulikuwa na mtu wa sita: mama mmoja msafiri, mgeni kabisa, aliyetoka kaskazini na trela lake la kulala, amebeba mifuko miwili ya barafu. Inaonekana alikuwa amesimama pale muda mrefu, maana barafu ilianza kumdondokea miguuni.

— Samahanini, alisema. Hao watu mnaowabishania, nani amekwenda kuwatazama?

Spiro alikuwa bado ananing'inia. Noelene alimwangalia Merle. Merle aliangalia simu yake. Mchana kutwa tulikuwa tumekaa pale na mioyo juu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinuka kwenda kuwatazama.

Kelvin alimshusha Spiro taratibu, kama mtu anayerudisha sahani kabatini. Mama mgeni akanyoosha mfuko mmoja wa barafu.

— Chukueni, alisema.

— Kimya, ingia garini, alisema Kelvin.

*

Landcruiser ya Kelvin haina kiyoyozi. Kilikufa zamani na yeye akasema hewa ya bure ipo dirishani. Siku ile hewa ya dirishani ilikuwa kama ya mlango wa tanuri. Niliweka barafu miguuni, nikashika ukingo wa kiti, kwa kuwa Kelvin alikuwa akiendesha kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akiendesha.

Kila tulipokaribia bonde dogo nilikaza macho. Tuliona gari jeupe kama la Glen kando ya njia, nikainuka kitini. Lilikuwa gamba la gari kuukuu lililoachwa na wenyewe miaka mingi. Tuliona ndege wamekusanyika juu ya kitu, Kelvin akapunguza mwendo bila kusema. Alikuwa kangaruu.

— Unajua kilichoniuma? aliniambia ghafla. Si betri. Magari yote ya Glen mimi ndiye niliyeyafungulia boneti. Yote, tangu ile Holden ya baba yake. Jumamosi asubuhi, yeye anashika taa, mimi naingiza mikono. Halafu mtu ananunua gari ambalo ukifungua boneti unakuta pahala pa kuwekea begi. Hakuniuliza. Hakuniambia hata neno.

— Ungemwambia nini angekuuliza?

Alikwepa shimo la barabarani.

— Ningemkataza, alisema.

Kisima cha Tarrant ni kituo cha mafuta kilichofungwa zamani. Kilichobaki ni paa la bati juu ya pampu zisizofanya kazi, na pembeni mashine moja ya kuchajia magari, ndiyo pekee kati ya mji wetu na ustaarabu. Tuliliona lile gari likiwa chini ya paa, limefungwa vioo vyote. Mtu hakuonekana. Kelvin alisema neno ambalo sitaliandika, akakanyaga mafuta. Halafu Glen akatokea nyuma ya mashine, akaja mbio katikati ya vumbi, mikono juu.

— Simama! alipiga kelele. Simama huko huko! Zima injini! Kelvin, zima!

Kelvin alizima. Aliteremka uso umebadilika rangi.

— Nimekuja mwendo huu wote, alisema, na wewe unanifukuza kama mbwa?

— Sikufukuzi wewe. Nafukuza moshi.

— Moshi gani?

Glen alishusha mikono. Midomo ilikuwa imempasuka kwa kiu, shati limemgandia.

— Tangu madaktari waanze ile dawa yake ya saratani, alisema, Lorna hawezi kusikia harufu ya dizeli wala petroli. Anatapika mpaka hana cha kutapika, halafu inakuja damu ya koo. Safari za mwanzo tulikwenda na gari letu la zamani. Tulikuwa tunasimama kila mti tunaoukuta. Mara ya tatu aliniambia, Glen, afadhali nife nyumbani kuliko kupanda tena gari hili. Ndipo nikanunua hili. Mimi sikuwa na hoja ya hali ya hewa, wala ya serikali, wala ya nini. Halinuki na halitetemeki. Basi.

Upepo ulikuwa ukitupiga mchanga magotini. Kelvin alisimama mikono inaning'inia.

— Mbona hukuniambia?

— Nilikuja kijiweni kukwambia. Ukaanza kuimba wimbo wako wa betri za tochi. Nikaona aibu kumtaja mke wangu katikati ya kicheko.

Kelvin aligeuka akaitazama barabara. Nilidhani anarudi garini. Lakini aliuliza, sauti imeshuka:

— Yuko hai?

— Amelala. Kiyoyozi kinafanya kazi hata gari likiwa limesimama, ndiyo maana tuko hapa. Jana hotelini mashine ilikuwa na foleni, leo yeye akataka nyumbani, tukatoka bila kujaza. Nilipiga hesabu ya kuongeza hapa. Nimefika nimekuta kebo imekatwa, wezi wamechukua shaba. Na upepo ule wa kaskazini ulikuwa umekunywa betri karibu yote njiani. Ningeendelea ningekwama uwandani, bila kivuli. Hapa angalau paa lipo, ingawa mtandao wa simu hakuna. Nimemwachia yeye ubaridi, mimi nikakaa nje ili mlango usifunguliwe ovyo.

— Betri imebaki ngapi?

— Kidogo. Kabla jua halijazama itakuwa imekwisha, na ubaridi nao.

Tulikwenda kwa miguu mpaka kwenye gari. Lorna alikuwa amejikunja kiti cha nyuma, kitambaa cha bluu kichwani, mdomo wazi kidogo. Kifua kilipanda na kushuka. Kelvin alikaribia kioo, halafu akajinusa mikono na shati, akarudi nyuma hatua kadhaa.

Sasa ndipo mambo yalipokuwa magumu. Kumhamishia Landcruiser haikuwezekana. Gari lile linanuka dizeli mpaka kwenye vitambaa vya viti, na ndani ni tanuri. Kukaa tukimsubiri afande ni kusubiri betri ife. Mjini kwetu hakuna gari la kubebea magari mabovu, na la karibu zaidi liko mbali kuliko nyumbani.

— Nitawavuta, alisema Kelvin.

— Kitabu cha gari kimekataza, alisema Glen. Magurudumu yakizunguka bila...

— Kitabu kimesema nini kuhusu Lorna?

Glen aliliegemea gari. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayewaza kwa sauti:

— Likishuka mlima, magurudumu yanarudisha umeme kwenye betri. Ukinivuta huku nimeliwasha, nikaachia pedeli, litafanya vile vile. Litajaa linapovutwa. Au litaungua. Sijui, Kelvin. Kweli sijui.

— Na mimi sijui. Leta ndoano.

Walifanya kazi kwa pamoja bila kusemezana, mmoja ananyoosha mkono na mwenzake anaweka kifaa mkononi kabla hajaombwa. Kelvin alifunga kamba ndefu kuliko sheria inavyoruhusu, ili moshi upate nafasi ya kupotea. Glen alifunga matundu yote ya hewa ya nje. Mimi niliambiwa nikae nyuma na Lorna, pamoja na barafu iliyobaki na redio ya mkononi, ile ya madereva wa malori.

— Nikisema simama, unasimama, Glen alimwambia Kelvin. Hapo hapo.

— Hapo hapo.

Injini ya Landcruiser ilinguruma. Kamba ilikazika, gari letu likashtuka, likaanza kusogea. Glen aliachia pedeli na mara tukahisi gari likivuta nyuma, kama ng'ombe asiyetaka kwenda mnadani. Taa moja ya manjano iliwaka mbele yake. Sikuuliza ni ya nini. Nilikuwa nautazama uso wa Lorna, pua yake, pembe za midomo yake. Nilishika mfuko wa karatasi tayari. Wingu jeusi lilitoka kwenye bomba la Kelvin, likapeperuka juu ya kioo chetu, na Lorna akakunja uso usingizini.

— Kimya? ilisema redio. Kimya, vipi?

— Subiri, nilisema.

Lorna alimeza mate. Aligeuza kichwa. Uso ukakunjuka tena.

— Endelea, nilisema. Endelea hivyo hivyo, usiongeze.

Sijui kama Kelvin Prowse aliwahi kuendesha polepole namna ile maishani mwake. Malori mawili yalitupita yakipiga honi, na yeye, aliyekuwa akiwatukana madereva wa mwendo wa kobe, hakujibu hata moja. Ile taa ya manjano ilizimika yenyewe. Glen aliangalia kioo cha vipimo mbele yake, akakiangalia tena.

— Imepanda, alinong'ona. Kimya, betri inapanda.

Nilimwambia Kelvin kwenye redio.

Jua lilipoanza kulala Lorna aliamka. Alitazama dari, akanitazama mimi, akatazama mbele.

— Mbona kuna kamba?

— Kelvin anatuvuta, alisema Glen.

— Kelvin yupi?

— Kelvin.

Lorna aliinuka kwa kiwiko. Halafu alinyoosha mkono, ule mkono mwembamba wenye alama za sindano, akachukua redio kwangu.

— Kelvin, alisema, taa yako ya nyuma ya kushoto haiwaki.

Redio ilikoroma tu. Tukadhani imekufa. Kisha sauti ikaja, nzito, haikai sawa.

— Nitaibadilisha, Lorna.

Tulipofika mbele ya duka walikuwa wote wapo: Merle na mkate mkononi, Noelene, Spiro na ukosi wake uliochanika. Na yule mama mgeni pia, trela lake limeegeshwa pale pale. Alikataa kuondoka kabla hajaona mwisho wake. Hakuna aliyepiga makofi. Merle alimpa Lorna mkate dirishani, Lorna akaunusa, akasema, hii ndiyo harufu. Spiro alikwenda mpaka kwa Kelvin, akamfuta vumbi begani kwa kitambaa chake, na hilo likawa limekwisha.

*

Kesho yake asubuhi hatukusikia gari likija. Tulimwona tu Kelvin anateremka kutoka kwenye lile gari la umeme, upande wa abiria, na Glen upande wa usukani.

— Haya, alisema Noelene. Dizeli amesilimu.

— Sijasilimu. Jana nimelivuta likajaa. Mle ndani mna dizeli yangu. Nimekuja kuitumia.

— Kwa hiyo linafaa au halifai? aliuliza Spiro.

— Linafaa likivutwa, alisema Kelvin.

— Lako linafaa likiwa halina mgonjwa, alisema Glen.

Wakaanza tena, na Noelene akaingia na habari ya mtu aliyevuta gari lake mpaka likajaa umeme likaanza kwenda lenyewe bila dereva, likaonekana mara ya mwisho njia ya Perth. Spiro akasema hilo linawezekana, kwa maana chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na chenye umeme chajiendesha. Kidogo kidogo kelele zilirudi mahala pake.

Merle alitoka na birika. Alimimina kwa kila mtu, akabaki amelishika.

— Glen, alisema. Na Alhamisi? Lorna si anarudi tena kwenye dawa? Ile kebo ya Kisima cha Tarrant nimeuliza. Hawajui wataleta lini nyingine.

Glen alizungusha kikombe mikononi. Spiro alivuta pumzi ya kutoa methali, akaikosa. Mbele yetu barabara ilikuwa imeshaanza kuyeyuka, na jua lilikuwa bado halijafika juu ya posta.

Kelvin alipangusa makombo ya keki magotini.

— Mnatoka saa ngapi? aliuliza.